Maiki ya kubana kwenye kola, elfu 38 Kariakoo: miezi minne nikirekodia video za ushonaji

Hii rivyuu nilisema nikae nayo kwanza ndo niandike, maana watu wananunua kitu leo jioni washakisifia, wiki inayofuata kimekufa na hawarudi kusema. Mimi nina miezi minne na hii maiki, video zangu karibu zote za Instagram na TikTok na status za WhatsApp nimerekodia hiyo, kwa hiyo nnachosema nakijua.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni na sare za harusi, kibanda changu kiko Mbagala karibu kabisa na barabara. Akaunti nlikuwa nayo siku nyingi ila ilikuwa ya picha tu, gauni limevishwa kwenye sanamu na muziki juu yake basi. Mtu anaona gauni ila fundi hamuoni, na gauni kama lile mafundi wengine wanalo, wengine ile ile picha yako wanaichukua wanaposti kama ya kwao. Ndo nikaona niongee mwenyewe, nielezee kazi, watu wanijue mimi.

Nikalipia darasa la mtandaoni la kujijenga kibrandi, laki na nusu, mwalimu simtaji. Tukafundishwa rangi za ukurasa, logo, kuposti mara tatu kwa siku, na tukaambiwa tununue ringi laiti, ile taa ya duara ya kumulika uso. Nikanunua. Habari ya sauti haikuguswa hata siku moja! Video zangu za mwanzo uso unang'aa vizuri ila sauti kama natokea ndani ya pipa, bodaboda zinapita, cherehani ya jirani inakwenda, chini watu wanaandika dada hatukusikii. Iliniuma kwa sababu nlichokuwa nasema kilikuwa cha maana kwa mtu anayevaa nguo za kushona.

Sasa maiki yenyewe. Ni zile ndogo zisizo na waya, ukubwa kama kiberiti hivi, ina kibanio nyuma, unabana kwenye nguo, halafu kuna kipande kingine unachomeka chini ya simu pale pa kuchajia. Nlinunua mtaa wa Aggrey elfu 38, boksi lina maiki mbili. Muangalie simu yako kwanza, kama ni ya Type-C chukua ya Type-C, iPhone za zamani tundu lake ni lingine. Simu nyingine, hasa OPPO na vivo, ukichomeka haisomi mpaka uingie kwenye setingi uwashe OTG, yaani ile inayoruhusu simu isome kifaa ulichochomeka, mimi nusu nirudishe nikidhani mbovu kumbe ni hiyo tu. Kingine, kamera ya simu yenyewe inaweza kuendelea kuchukua sauti ya maiki ya simu hata kama umechomeka nyingine, kwa hiyo rekodi sekunde kumi, gusa maiki kwa kidole, sikiliza. Usipousikia ule mguso kwenye rekodi basi ujue simu inatumia maiki yake.

Sauti nakubali. Naweza kusimama mwisho wa meza ya kukatia, simu iko kwenye stendi mbali kidogo, bado nasikika kama niko sikioni kwako. Kuna kitufe cha kupunguza kelele, ukikiwasha bodaboda zinapungua sana ila sauti yako nayo inakuwa nyembamba, inakatika mwisho wa maneno. Mimi nakizima, nasubiri jioni njia ikipungua ndo narekodi, inatoka nzuri zaidi.

Wadada tunaovaa ushungi hii muhimu: usibane ndani ya ushungi. Kitambaa kikisugua utasikia kama mtu anakwangua karatasi video nzima. Bana nje, kama shibiri moja chini ya kidevu, na mkufu uvue.

Kwa nini naona maiki ndo ya kuanza nayo kabla ya hayo mengine? Muangalieni Kili Paul wetu, yule wa video za mtandaoni na dada yake Neema, shuka lile lile la Kimasai, nyumbani kwao kule Pwani, akajulikana mpaka 2022 ubalozi wa India hapa nchini ukampa heshima. Ila yeye alikuwa anafuatisha midomo kwenye nyimbo za Kihindi, sauti ilikuja na wimbo tayari. Elsa Majimbo, yule mchekeshaji wa Kenya, yeye 2020 alishika simu, akavaa miwani midogo, akala krispi, akaongea, na wote tulimsikia kila neno hadi krispi zinavyovunjika. Fundi kama mimi biashara yangu iko kwenye maelezo. Nisiposikika sina ninachoonyesha ambacho mwingine hana.

Video iliyonibadilishia mambo nlieleza kwa nini shingo ya gauni inalegea na kuachia kifuani. Nikachukua kipande cha kitenge, nikakivuta kwa urefu hakiendi, nikakivuta kimshazari kinanyooka, nikasema shingo ikishakatwa inakaa kimshazari hivi, fundi asipobandika kile kitambaa cha gundi kwa pasi kabla ya kushona bitana, kila ukivaa itazidi kufunguka. Wiki ile wamekuja wateja watatu nisiowajua, mmoja kaja na gauni aliloharibiwa kwingine, ananiambia nimekutambua kwa sauti hata kabla hujageuka. Wote watatu hakuna aliyeanza kwa kuuliza bei.

Mabaya yake. Sponji la kuzuia upepo halikuwepo kwenye boksi na bila hilo herufi P zinapasuka, nimekata sponji la kuoshea vyombo nikafunga na uzi, linafanya kazi. Ukichomeka huwezi kuchaji simu hapo hapo, kwa hiyo siku ya kurekodi jaza chaji mapema. Na ya kwanza kabisa niliyonunua duka jingine maiki moja ilikufa siku ya pili, muuzaji akakataa kubadilisha akasema nimeiangusha, sijaiangusha. Hii ya sasa nlisimama pale pale dukani nikajaribu zote mbili na simu yangu, na nikadai risiti.

Maiki hii naipa nyota nne kati ya tano. Maiki ya pili kwenye boksi kuanzia wiki hii nambania mteja tukiwa tunapima, maana maswali wanayouliza wakati futi iko kiunoni ndo yale yale wengine wanayaulizia inboksi.