Timu ya tiba shufaa (wanaotuliza maumivu na shida nyingine za mgonjwa mwenye ugonjwa mzito) hapa hospitali ya mkoa, naipa nyota 4

Jamani kama una mgonjwa mahututi waulizie mapema, usisubiri siku za mwisho. Mama mkubwa kansa ya titi ilishafika kwenye mifupa na mapafu, usiku halali kwa maumivu, wakamuanzishia mofini (dawa kali ya maumivu) ya maji kila baada ya saa 4 na dawa ya kulainisha choo hapohapo maana mofini inafunga choo, ya usiku wanaongeza dozi apitilize mpaka asubuhi. Pumzi ikibana wanamkalisha, feni inampuliza usoni, na kweli anatulia. Daktari akatuambia wazi, kwa anavyokula na anavyoshinda kitandani ni wiki sio miezi, ndugu wa mbali wakawahi kumuona. Kasoro wikiendi hawapo na manesi wengine wanaogopa kutoa mofini, hilo lirekebishwe.