Redio ya Biblia ya sola: maoni yangu kutoka meza ya dagaa, Mwaloni

Kwa wanaouliza kuhusu zile redio ndogo za sola zenye Biblia ndani: nunueni. Yangu niliipata Mwanza mjini, upande wa Makoroboi, kwa shilingi 65,000, na kiangazi chote imekaa mezani kwangu sokoni Kirumba Mwaloni, ninakouza dagaa. Imevumilia vumbi, mchanga wa dagaa na maji ya ndoo. Ina sola mgongoni, tochi, na vitufe vya kuruka kitabu au sura. Tunaiita redio tu, haishiki stesheni yoyote. Kazi yake ni kusoma.

Ninachoipendea ni kwamba haichagui mistari. Mahubiri mengi ya toba tunayosikia huku kwenye maspika hushika mstari mmoja wa kutisha au mmoja wa kubembeleza, basi. Hii inakusomea sura nzima. Daudi anamchukua mke wa Uria, kisha anaandika barua ya kumuua Uria, na barua yenyewe anaibeba Uria kwa mkono wake. Sura inayofuata, ya 12 katika Samweli wa Pili, nabii Nathani anaingia na habari ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake na tajiri. Daudi anawaka hasira, ndipo anaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Anakiri kwa maneno machache mno, na jibu linakuja palepale: Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Ila msomaji haishii hapo. Mtoto anafariki, na mbele huko Absalomu anamwasi baba yake. Meza zote za jirani zilinyamaza. Msamaha umetolewa kweli, na kidonda kipo kweli. Mhubiri anayetupa upande mmoja tu anatuonea.

Kasoro yake kubwa iko hapohapo. Ukitaka Zaburi 51, toba ya Daudi yenyewe, hakuna vitufe vya namba, kwa hiyo unaanzia Zaburi 1 na kubonyeza mara 50. Mimi huiacha kwenye 32, niisikilize hiyo kwanza, ndipo niendelee. Mtu wa kijijini mwenye vidole vizito atachoka. Pia wameweka muziki nyuma ya sauti, na upepo wa ziwa ukivuma maneno yanapotea. Chaji haina tatizo, jua la asubuhi linatosha hadi usiku.

Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa isipoingia ziwani, tunakuwa na muda. Ndipo tulipomsikiliza Zakayo, Luka 19, yule mtoza ushuru tajiri aliyepanda mti ili amwone Yesu, na ubishi ukawaka. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ukishatubu kanisani, kwa Mungu yameisha. Mwingine, Mkatoliki, akasema hata padre kwenye kitubio atakwambia urudishe cha watu. Wa tatu akaleta Hesabu 5: ulichodhulumu unakirudisha chote, na unaongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na nusu ya mali kwa maskini, wala hakuna aliyemtajia kiwango. Mimi niliomba turudishe sura mwanzo, tusikilize mpangilio wake. Yesu anamwita ashuke mtini, anataka kushinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajaahidi senti moja. Kwa hiyo kurudisha hakununui msamaha. Mtu aliyempimia mteja wa Kongo kwa ndoo iliyobonyezwa kitako hahitaji kumlipa Mungu kwanza ili apokelewe. Akishapokelewa, lakini, simu ya yule mteja anayo, na ampigie. Nasema hivi kwa moyo wote, maana nimeona watu wakilia madhabahuni Jumapili na ndoo ileile ikipima Jumatatu.

Redio ya pili nilimpelekea mama mkwe wangu Nansio, kisiwani Ukerewe. Macho yake hayasomi tena, na kuna jambo la ujana wake ambalo hajawahi kulisema, ila sote nyumbani tunajua analibeba. Sura anayoirudia ni Luka 15, ya mwana mpotevu. Kinachomshangaza si mwana kurudi, ni baba kukimbia. "Mwanangu, mzee mzima, mwenye mali na watumishi, anakimbia mbele za watu?" Ameniuliza hivyo kila tukizungumza, na kila mara nami namjibu ndiyo, mama, alikimbia, tena mtoto alikuwa angali mbali.

Mkienda kununua, iwasheni dukani na mpitishe vitabu vyote hadi Ufunuo. Ya jirani yangu ilikatikia Wafilipi, ikabidi airudishe abadilishiwe. Wakatoliki mjue kwamba hii ina vitabu 66. Tobiti na Yoshua bin Sira hamtawakuta, kwa hiyo ulizeni kama ipo yenye 73. Na kama muuzaji anayo yenye vitufe vya namba, ongezeni hela mchukue hiyo.