Steki za Marekani kwa kipimo cha sarloini: Texas Roadhouse, LongHorn, Outback na Ruth's Chris

Mkahawa wa steki usiupime kwa ribai, kile kipande cha sehemu ya mbavu. Ribai ina mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama, na mafuta hayo humsitiri mpishi: hata akipitiliza dakika mbili, bado inatafunika. Mimi hupima kwa sarloini, kipande cha nyuma ya kiuno chenye mafuta machache, ya aunsi 8, yaani gramu 227 kabla ya kuchomwa, ya mediam (iliyoiva wastani), pamoja na kiazi cha kuoka. Sarloini haina pa kujificha. Moto ukizidi inakuwa kamba. Ikiwekwa jikoni ikiwa na maji juu, au jiko likiwa halijashika moto sawasawa, inachemka badala ya kuchomeka na kutoka na rangi ya kijivu. Jiko linaloiweza sarloini litaiweza na ribai. Kinyume chake hakina uhakika.

Majina ya mikahawa hii minne yenye matawi mengi yasikuhadae. Texas Roadhouse ilianzia Clarksville, jimbo la Indiana, mwaka 1993. Outback, pamoja na mapambo yake yote ya Kiaustralia, ni ya Tampa, Florida, tangu 1988. LongHorn ilianzia Atlanta mwaka 1981, na tangu 2007 iko chini ya kampuni ya Darden, ambayo mwaka 2023 iliinunua pia Ruth's Chris.

Kwa thamani ya pesa, Texas Roadhouse inaongoza, na sioni mshindani wa karibu. Bei ya steki inajumuisha vyakula viwili vya pembeni, na mikate midogo ya moto yenye siagi ya asali na mdalasini inaletwa bure. Nyama inakatwa palepale tawini, na karibu na mlango kuna kabati la kioo kama la bucha. Wengi hulipita kabati hilo bila kusimama, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu unaruhusiwa kuchagua kipande chako mwenyewe. Vipande viwili vya uzito mmoja vinaweza kutofautiana sana: kimoja kinene chenye upana mdogo, kingine kipana na bapa. Ukitaka mediam au chini yake, chagua kinene, maana kinapata ganda la nje kabla katikati hakujapitiliza. Ukitaka iliyoiva kabisa, chagua kile bapa.

Kasoro yake ni kelele na foleni. Muziki uko juu, na wahudumu huacha kazi wakacheza ngoma kwa safu katikati ya meza. Usitegemee kuhifadhiwa meza: unaingia kwenye orodha ya kusubiri kupitia programu yao ya simu kabla hujatoka nyumbani, na orodha hiyo inakutunzia nafasi kwenye foleni tu. Matawi mengi hufungua jioni siku za kazi na mchana wikiendi. Kama kuna mtu mwenye mzio wa karanga, fahamu kwamba mkahawa huu unajulikana kwa ndoo za karanga zenye maganda, hivyo piga simu tawini kwanza. Na mikate ile, kula kwa kiasi. Ukila minne na siagi yake, sarloini inakuja tumbo limeshajaa.

Kwa nyama yenyewe, LongHorn ndiyo chaguo langu. Sababu ni kwamba wanatumia mioto miwili, kila mmoja kwa kazi yake. Vipande visivyo na mafuta mengi, kama sarloini yao na Flo's Filet (fileti, kipande laini cha ndani ya mgongo), hupikwa juu ya bamba la chuma. Kipande kikubwa chenye mfupa, kama Outlaw Ribeye ya aunsi 20 (gramu 567), huenda kwenye moto wa wazi. Bamba linagusa nyama yote kwa usawa, kwa hiyo kipande kisicho na mafuta kinapata ganda la kahawia kabla hakijakauka. Moto wa wazi unafaa pale ambapo kuna mafuta ya kudondoka na kurudi kama moshi. Ukiagiza fileti kwenye moto wa wazi, mara nyingi unapata mistari mizuri ya kupiga picha na nyama iliyokauka pembeni. Jambo jingine: LongHorn inafungua mchana, na mchana jiko halina presha ya Ijumaa usiku.

Outback naiweka ya tatu, ingawa haiko mbali. Sarloini yao pia ni ya bambani, na viungo vinapakwa kwa mkono mzito. Anayezoea pilipili na chumvi nyingi ataipenda. Anayetaka kusikia ladha ya ng'ombe amwambie mhudumu apunguze viungo. Hilo linawezekana kwa sababu viungo hupakwa wakati wa kupika. Kile kitunguu chao kizima cha kukaanga, Bloomin' Onion, ni cha watu wanne. Wawili wakikimaliza, steki itaenda nyumbani kwenye boksi.

Ruth's Chris ni daraja jingine kabisa, na kipimo cha sarloini hakiendi huko. Ilianza New Orleans mwaka 1965, na nyama yao nyingi ni ya gredi ya Prime, ambayo ndiyo ya juu kwa mafuta ya ndani (Choice inafuata, halafu Select). Jiko lao linafika nyuzi 1,800 za Farenhaiti, kama 980 za Selsiasi, na sahani inakuja mezani ikiwa na 500, yaani 260 za Selsiasi, siagi ikichemka juu yake. Hapo ndipo pa kuwa makini: nyama inaendelea kuiva kwenye sahani. Ukitaka mediam, agiza mediam rea (daraja moja chini yake), au omba sahani isiyo ya moto. Vyakula vya pembeni vinalipiwa peke yake, lakini kimoja kinatosha watu wawili au watatu. Steki moja hapo inaweza kufika bei ya mlo wa watu watatu Texas Roadhouse. Ni tamu, ila siyo tamu mara tatu.

Sasa suala la kuiva, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye nyama choma. Ile rangi nyekundu sahanini si damu. Ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mayoglobini. Katikati ya mediam rea ni kama nyuzi 54 hadi 57 za Selsiasi, mediam inazunguka 60, na weldani, yaani iliyoiva kabisa, ni 71 kwenda juu. Kama huwezi kula chini ya weldani, usione haya, ila usiagize fileti nene: inakaa jikoni muda mrefu na kutoka kama sponji kavu. Agiza ribai, au omba fileti ipasuliwe katikati ifunguke kama kitabu.

Kosa linaloharibu meza nzima, na linatokea popote, ni hili: watu watano wameagiza mediam na mmoja kaagiza weldani nene. Sahani tano zinasubiri chini ya taa za joto hadi ya sita iive, na mediam zote zinapanda daraja. Anayetaka weldani achague kipande chembamba. Sahani ikifika, kata katikati kabla ya mhudumu kuondoka. Isiyoiva hurudishwa jikoni. Iliyopitiliza haina dawa, inabidi upewe nyingine, na ni haki yako kuiomba.

Kwa Waislamu: usidhani nyama ya matawi ya Marekani ni halali, na mbavu za nguruwe zinatoka jiko hilohilo. Nguruwe hujificha hata kwenye mboga. Maharage mabichi ya Texas Roadhouse yana bekoni, na kiazi cha kuoka kikiagizwa na kila kitu huja nayo juu; sema kiazi na siagi tu. Walioko Ghuba wana nafuu: Texas Roadhouse ilifungua tawi lake la kwanza nje ya Marekani huko Dubai mwaka 2011, na matawi ya huko hutumia nyama halali.

Bakshishi hesabu asilimia 18 hadi 20 ya bili kabla ya kodi. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu kulipwa dola 2.13 tu kwa saa, bakshishi ndiyo inayojaza pengo. Mkiwa kundi kubwa, soma risiti kwanza, huenda imeshaongezwa.

Ukibeba kwenda nyumbani, agiza daraja moja chini na uache mfuniko wazi kidogo. Boksi lililofungwa ni sufuria ya mvuke: mediam inazidi kuiva na ganda linalowa. Ya kesho yake usiitie maikrowevu. Ikate vipande vyembamba ikiwa baridi, ipitishe kwenye kikaango cha moto sana nusu dakika kila upande, kisha itupie kwenye kachumbari.