TAHADHARI: Muuza Pi za "GB 8" zenye Kodi, kanipiga mchana kweupe

Ndugu zangu, siku nne nimekaa najiuliza niandike au ninyamaze. Naona aibu, hasa mbele yenu mnaojua kuwa mimi ndiye huwa nawawekea wengine Kodi, ile programu ya kuchezea filamu kwenye TV. Lakini nikinyamaza, kesho huyu mtu anampiga mwingine. Naandika.

Ile Raspberry Pi 3 yangu, kompyuta ndogo ninayoichomeka kwenye TV, mnaijua, ilishachoka, video za HEVC (zile zilizobanwa sana) zinakwamakwama tu. Nikaona tangazo: Raspberry Pi 4, RAM GB 8, memori kadi GB 128, Kodi tayari imo na "leseni ya mwaka mzima". Nikampigia. Hakunibembeleza hata kidogo. Akasema, "Bosi, njoo na filamu yako mwenyewe kwenye flashi, ujaribu mwenyewe, usipoipenda uondoke." Hapo ndipo aliponimaliza. Tapeli gani anakwambia uje na filamu yako?

Nikaenda. Pi imo ndani ya kava la alumini, juu yake stika imeandikwa 8GB. Akachomeka waya wa TV, LibreELEC, mfumo unaoendesha Kodi, ikawaka, Kodi ikafunguka. Nikachomeka flashi kwenye tundu la bluu, nikachagua filamu ya 4K, ile ile iliyokuwa ikinitesa nyumbani. Ikatiririka kama maji. Nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma, nikasimamisha, nikaachia tena, wala haikushtuka. Yeye kaegemea mlango, kimya, ananitazama. Halafu taratibu kabisa: "Sasa GB 8 si hizo unaziona?" Nikakubali kwa kichwa. Nikaona nimepima, nimeridhika, nikatoa hela.

Sikuwa nimepima kitu. Kwenye Pi 4 kazi ya kufungua video ya HEVC inafanywa na chipu, na chipu ni hiyo hiyo kwenye ya GB 1 na kwenye ya GB 8. Bodi moja, matundu yale yale. Ilipotoka 2019 zilikuwepo za GB 1, 2 na 4, ya 8 ikafuata 2020, na zikiwa ndani ya kava huwezi kuzitofautisha. Filamu kupita vizuri kulithibitisha kwamba ni Pi 4, basi. Tena filamu ilikuwa inasomwa kutoka kwenye flashi yangu, kadi yake haikupimwa hata sekunde moja! Alijua anachokifanya. Aliniita na filamu yangu makusudi.

Kuna kialama cha radi, cha njano, kilikuwa kinatokea na kupotea kwenye kona ya juu ya skrini. Nikamuuliza. Bila kupepesa macho akajibu kinaonyesha umeme unaingia vizuri. Uongo mtupu, kile ni kilio cha Pi kwamba umeme hautoshi. Alinipa chaja ya simu, wakati Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3.

Hiyo "leseni" nayo nililipa. Najua Kodi ni bure, imekuwa bure tangu ikiitwa XBMC. Akasema hailipiwi Kodi, zinalipiwa chaneli alizoziweka ndani. Siku ya sita zote zikafa. Kodi haiji na chaneli yoyote, ukiambiwa zimo, mtu kazipachika, na mara nyingi ni za wizi.

Hayo yote ningeyameza. Kilichoniuma ni video za marehemu baba. Zilikuwa kwenye simu ya mama, nikazihamishia kwenye kadi ili azitazame kwenye TV kubwa. Majina yote yakatokea kwenye orodha, nikahesabu, zimetimia. Simu ilikuwa imejaa, nikazifuta kule. Jioni mama kakaa, kafunga kanga vizuri kama anapokea mgeni. Ya kwanza ikacheza. Ya pili ikacheza. Ya tatu, skrini nyeusi. Ya nne, nyeusi. Mama akauliza, "Mbona baba yako hatokei?"

Usiku ule niliichomoa kadi nikaisoma yote kwenye kompyuta. Ikifika GB 8 hivi, kinachofuata ni sifuri tupu hadi mwisho. GB 128 ni maandishi ya juu tu. Nikafungua taarifa za mfumo kwenye Kodi, RAM haifiki hata GB 1. Revisheni ya bodi, yaani namba ya toleo lake: a03111. Ni Pi 4 ya GB 1.

Nimempigia, kaniambia nimeiharibu mwenyewe. Sasa namba yangu kaifungia. Huyu si wa kurudisha hela tu, huyu ni wa kuwekwa ndani! Afikishwe polisi, na kila tangazo lake lishushwe. Nimeshatunza risiti, sauti zake na picha za tangazo, na kama nawe kakupiga tuunganishe ushahidi tukafungue kesi pamoja.

Dalili zilikuwepo. Nilipotaka kufungua kava alisema waranti inakufa. Rimoti hakuiachia mkononi isipokuwa wakati wa filamu, nilipotaka kuingia kwenye mipangilio akaichukua. Ukikutana na mtu wa hivi, mwambie afungue faili la mfumo liitwalo /proc/cpuinfo mbele yako: kwenye Pi 4 revisheni ikianza na a ni GB 1, b ni 2, c ni 4, d ni 8. Kadi mpya ijazeni kwanza kwa programu za kupima kadi, F3 au H2testw, kabla ya kuweka chochote cha maana. Na msifute nakala ya kwanza, jamani, msifute.

Simu ya mama nimeizima tangu usiku ule ili kisiandikwe kitu kingine juu yake. Aliyewahi kuokoa video zilizofutwa kwenye simu, naomba anitafute leo, hata usiku wa manane nitapokea.