Kambi ya utulivu milima ya Irangi: mahali safi, ila kamera zipungue

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia. Ni shilingi 250,000 kwa mtu, Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi. Humo kuna Coaster kutoka Dodoma mjini, hema, chakula, kiingilio cha michoro ya miambani na fulana. Wanachukua vijana wa miaka 18 hadi 30. Kwa mhasibu wa serikali aliyetoka kufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, malipo yanakataa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, usiku wa manane na bosi anapiga simu kuuliza umefikia wapi, hiyo hela inatoka yenyewe. Yangu ilitoka.

Kambi inapigwa chini ya milima ya Irangi, si mbali na Kolo, wilayani Kondoa. Tangu lami ya Dodoma–Babati izinduliwe mwaka 2018 kufika huko si shida. Shida ilikuwa kuondoka mjini: tuliambiwa saa mbili asubuhi, gari likatokea saa tano, halafu dereva akatupeleka kujaza mafuta. Tuyaache hayo.

Mwezeshaji mkuu, dada mmoja mtaratibu sana, anaijua kazi yake. Jioni ya kwanza alitueleza mazoezi haya ya kutuliza akili yametoka wapi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, akawa anapokea wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo matibabu ya kawaida hayakuyamaliza. Alichukua mazoezi ya Kibudha ya kufuata pumzi na kuutazama mwili, akayavua mambo ya dini, akayapanga yawe mafunzo ya wiki nane. Wiki nane, alirudia yule dada, kwa hiyo asije mtu akadai Jumatatu kwamba hajapona. Nilimpenda kwa hilo. Kijana mmoja akauliza kama hii ni ibada, mama yake ana wasiwasi. Akajibiwa kwamba hapa haabudiwi yeyote, na wanaoswali watasubiriwa. Na kweli, adhana ya alfajiri iliposikika kutoka bondeni, waliotaka walikwenda, na hatukuanza mpaka warudi.

Tatizo ni wasaidizi wake, na ratiba. Ratiba imebanwa kama ya semina elekezi: kengele alfajiri, kufuata pumzi, uji, kulala chali ukipitisha fikra mwilini kuanzia kidole gumba cha mguu mpaka utosini, kutembea, kuandika, kushirikishana, kukaa tena. Mtu umekuja kupumzika, unajikuta unakimbia ili uwahi kutulia. Na kila kimya kilipoanza kukolea, msaidizi mmoja alikijaza maneno: "Achia... achia... wewe ni bahari..." Bahari gani Kondoa, kaka?

Kufuata pumzi kwenyewe ni kugumu kuliko kunavyosikika. Unahesabu moja hadi kumi, ukipotea unarudi moja. Mimi kwenye nne nilikuwa tayari nimefika kwenye vocha za malipo, nagombana na mtu wa manunuzi. Ila nilichokishika ni hiki: kazi yenyewe ni kule kurudi. Nilipoacha kujilaumu kwa kupotea, mabega yalishuka. Hilo natumia hata sasa ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Siku ya kupanda Mungumi wa Kolo, kilima chenye michoro ya miambani, ndiyo iliyolipa hela yangu. Tulitakiwa kupanda kimya, taratibu, tukisikiliza nyayo. Mzee wa kijiji aliyekodiwa kutusindikiza, pamoja na mwongozaji wa michoro, ama hakuelezwa habari za kimya ama alielezwa akapuuza. Tulipofika penye korongo lililojaa mchanga akasimama, akanyoosha fimbo. "Wajukuu zangu, hapa mimi nilichunga ng'ombe." Akasimulia mwaka 1979, serikali iliposema mifugo yote itoke eneo hilo, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda, kwa sababu vilima vilikuwa vimekatikakatika na udongo unashuka kila mvua. Ilikuwa kazi ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. "Tulilia," alisema. "Lakini hii miti mnayoisifia haikuwepo." Yaani sehemu kubwa ya ule msitu tuliokuwa tunaambiwa tuusikilize ni mdogo kwa umri kuliko baba yangu. Wasaidizi walikuwa wanatazama saa. Sisi wengine tulikuwa tumekaa chini kabisa.

Juu zaidi kulikuwa na mwamba wenye michirizi mizito myeupe, na mwenzetu akaanza kuisifu: ustadi wa wahenga, ujumbe wa kale. Mzee akamsubiri amalize. "Huo mkojo wa pimbi." Pimbi hukojoa mahali pamoja miaka nenda rudi, mkojo unakauka na kujenga ganda jeupe, ukiugusa ni mgumu. Tulicheka mpaka dada mkuu naye akacheka.

Michoro yenyewe, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi ni ya rangi nyekundu: watu warefu wembamba mno, wengine vichwa vimetanuka, sijui ni kofia sijui ni nywele, na wanyama. Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951. Wazee wa Irangi mpaka leo hupanda hapo kwa matambiko, kwa hiyo nenda na adabu zako, na usiguse. Zoezi lilikuwa kuchagua mtu mmoja kwenye mwamba na kumtazama tu. Wangu alikuwa na mkono mwembamba usiozidi unene wa njiti ya kiberiti, umechorwa kwa mpigo mmoja bila kusita, na gotini rangi imebanduka, chembe za jiwe zinaonekana. Hapo hata msaidizi wa bahari alinyamaza. Sikuhesabu pumzi wala nini, na vocha hazikuja.

Sasa malalamiko, na nayasema kwa nia njema.

Kimya rasmi kinaanza baada ya chakula cha jioni hadi mchana wa kesho yake. Sina ugomvi nacho. Lakini njia tunayotembelea ndiyo njia ya wenyeji ya kwenda kuchota maji. Asubuhi moja tunakwenda mstari mmoja, macho chini, akaja mama mtu mzima na ndoo kichwani. Akasogea pembeni kutupisha. Kundi zima la vijana likampita, hakuna aliyefungua mdomo. Nilipomfikia nikamwambia shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Poleni. Kuna msiba?" Msaidizi akanikata jicho. Akate tu. Kama lengo ni kuona kilicho mbele yako, mtu mwenye ndoo ya maji ndiye alikuwa mbele yangu. Waandike kwenye kanuni zao: salamu kwa wenyeji ruksa, saa zote.

Simu zetu zilikusanywa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Vizuri sana, kwa mara ya kwanza sikujua nani kapandishwa cheo. Ila wasaidizi walibaki na zao, na kila tukifumba macho tunasikia nyayo zinatuzunguka. Kurudi mjini najikuta kwenye tangazo lao, nimelala chali, mdomo wazi. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ustaarabu ulikuwepo. Wameifuta picha, baada ya kukumbushwa na kukumbushwa tena.

Na hili la tatu silo la utani. Kwenye kikao kirefu cha jioni dada mmoja alianza kutetemeka na kulia, na si kile kilio cha kupunguza moyo. Wasaidizi walimwambia "pumua, achia". Aliyemsaidia ni mama mpishi: alimfunika khanga, akamketisha jikoni karibu na moto, akampa kazi ya kuchambua kunde mpaka mikono ikatulia. Kukaa kimya kunaweza kumwamshia mtu mambo aliyoyafukia, hasa aliyefiwa au aliyefanyiwa ukatili. Fomu ya kujiunga iliuliza saizi ya fulana. Haikuuliza kama mtu anatumia dawa, wala apigiwe nani akizidiwa. Tuko mkoa wenye Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambayo wengi wetu tunaitaja kwa kucheka tu. Muuguzi mmoja mwenye ujuzi huo, kwa wikiendi moja, hawezi kuwashinda gharama watu waliomudu kushona fulana kwa kila mshiriki.

Chakula sina neno. Ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, kuku wa kienyeji Jumapili, na uji wa asubuhi wenye asali. Mama mpishi apewe nyongeza. Mahema ni mazuri lakini blanketi ni jepesi, na Julai huko upepo wa usiku hauna huruma. Beba soksi, sweta na shuka nzito. Choo ni cha shimo, kisafi. Maji ya kuoga ya moto yapo ukiwahi.

Wametangaza kambi nyingine Septemba. Nimewaandikia kwamba nitajiandikisha wakinijibu mawili: muuguzi atakuwa nani, na simu za wasaidizi zitakaa kwenye ndoo gani. Hadi naandika haya wamenijibu mara moja, wakitaka kujua kama bado navaa M.