Duka la maziwa la Walukuba: siku ya kwanza alikataa pesa yangu

Hii duka iko Walukuba hapa Jinja, Uganda, ukishuka upande wa Masese, mlango wa bluu, friji mbili na benchi moja. Mara ya kwanza nimeenda na jagi yangu nikasema nipe nusu lita ya mtoto, mwenye duka akauliza ana miezi mingapi, nikasema saba. Akarudisha kikombe cha kupimia kwa ndoo. "Dada, kama ni ya chai yako nakupa saa hii. Kama ni ya huyo wa mgongoni, bado. Mpe titi, akimaliza mwaka mje wote wawili." Watu kwa laini wanacheka, mi masikio yanawaka, na wala si mimi niliamua, ni mama mkwe alinituma, anasema kwao wote wamelelewa na ng'ombe na mifupa yao ni chuma.

Wiki hiyo hiyo tumeenda kupima uzito nikamuuliza nesi nikitegemea atanitetea. Wapi! Akasema maziwa ya ng'ombe ina protini zaidi ya gramu 3 kwa kila mililita 100, ya mama ni kama gramu 1 tu, sasa hiyo mzigo pamoja na chumvi zake figo za mtoto mdogo zinahangaika nayo, halafu madini ya chuma hamna ya maana na tumbo lake linaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila wewe kuona. Ukifikiria ni kweli, ndama anazaliwa na saa hiyo hiyo anatafuta kusimama, mtu ana haraka gani? Mtoto anajenga mifupa na hiyo gramu moja na inamtosha, miezi sita titi peke yake, baadaye chakula na titi mpaka miaka miwili na zaidi. Kwa hivyo huyo mama wa duka kupoteza shilingi elfu moja yangu ili aniambie ukweli, nimempa nyota hapo hapo.

Mteja nimekuwa kwa sababu ya mkubwa wangu, ana miaka miwili na nusu. Huyo nilikuwa namnunulia maziwa ya unga ya mkebe, sitaji jina, ile imechorwa mtoto amesimama na twiga, elfu themanini na tano na haifiki hata wiki mbili! Imeandikwa protini maalum za kurefusha mifupa. Sasa hilo neno si uongo wote ndo maana linatuuma mfukoni. Huko Denmark walichukua wavulana wa miaka minane wakawapa lita moja na nusu ya maziwa kila siku kwa siku saba, ile homoni inaitwa IGF-1 inayoambia mifupa irefuke ikapanda kwa asilimia 19, wenzao waliokula nyama yenye protini sawa haikupanda. Lakini homoni kupanda wiki moja si urefu bado, na hayo yalikuwa maziwa ya kawaida tu yaliyotolewa mafuta, hakuna twiga.

Na ya hapa kwetu ndo ilinifanya niache mkebe kabisa. Mwaka 2020 watafiti walichukua watoto 750 waliodumaa, wa mwaka mmoja mpaka chini ya mitano, hapa hapa Walukuba na Buwenge. Wengine walipewa ile pesti ya karanga yenye vitamini na madini kwa wiki 12, ingine ina protini ya maziwa ingine ya soya, na wengine hawakupewa pesti. Waliokula pesti waliwazidi wenzao urefu kwa zaidi ya nusu sentimita, ila ya maziwa na ya soya hazikupishana. Yaani mtoto alikuwa anakosa vitu vingi pamoja, si maziwa peke yake. Tangu hapo wangu anapata kikombe kimoja asubuhi kimoja jioni, na ile pesa ya twiga inanunua mayai, maharage na mukene, wale dagaa wadogo, wa kusaga na mifupa yake.

Turudi dukani. Maziwa yanakuja usiku kutoka Mbarara, lita moja elfu mbili, na anapima na laktometa mbele yako ukiomba, ile kijiti cha kioo inaelea juu kama maziwa ni mazito, ukiongeza maji inazama. Kwingine nimeomba nikaambiwa "kwani wewe ni serikali?" Usafi mzuri, kikombe kina kamba yake hakilali chini. Bongo yake, yaani maziwa ya mgando, tamu sana ila Ijumaa inaisha mapema.

Ubaya sasa. Umeme ukipotea hana jenereta na hasemi. Mwezi uliopita nilichemsha lita mbili zikakatika kwa sufuria, madonge meupe chini, maji ya kijani kijani juu. Nimebeba sufuria lote mpaka kwake na hasira zangu, yeye anachovya kijiko ananifundisha, madonge ni protini inaitwa kaseini, ndo nyingi kwa ng'ombe, kama sehemu nne kwa tano, ikikutana na uchachu na moto inashikana, hayo maji ndo yana ile protini nyingine. Mama nataka pesa yangu wewe unanipa darasa! Alinirudishia lita moja, ya pili tulivutana mpaka akaniongezea bongo nusu.

Nampa nyota nne kwa tano. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, beba chombo chako kwa sababu kavera zake, ile mifuko ya plastiki, zinavuja, na uchemshe hata akikuambia ameshachemsha.