Kitalu cha miche Mikocheni: nunueni, ila msisahau mwanga

Miche yao imeshiba, udongo una samadi ya kutosha, na bei inashuka ukijua kuongea. Tatizo ni maneno. Muuzaji aliniambia ule wenye majani ya mabaka meupe "unakaa popote dada, hata chooni". Wapi! Sehemu nyeupe haina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa hiyo haipiki chakula chochote. Kijani ndiyo inayonasa mwanga na kugeuza maji na kaboni dayoksaidi kuwa sukari, oksijeni ikitoka nje. Gizani mmea unakula akiba tu. Anayejua kazi ni kijana wa jioni: alipitisha kidole juu ya jani, kikatoka na vumbi la Barabara ya Bagamoyo. "Ufute hili, linaziba mwanga." Mbolea ya chupa wanayokubambikia, achana nayo.